Orodha ya Watoto wa Remba

Karani Valary aliandika amri ileile ya kuhesabu kwa mara ya kumi na tisa, na kompyuta ikamjibu vilevile: majina elfu mbili mia nne na sita. Saa nzima halikuongezeka hata moja.

Kazi ya kupanga majina ya watoto wa kisiwa cha Remba aliituma asubuhi ijiendeshe nyuma ya pazia, bila kuonekana kwenye kioo cha kompyuta, ili yeye achape barua. Bila orodha hiyo, gari la chanjo lisingeondoka Migori kuwahi boti. Kando ya meza, kasha la dawa lilikuwa limeanza kuvuja maji ya barafu, tone baada ya tone, hadi kwenye kiatu chake.

"Imelala hiyo!" daktari, mkubwa wake wa kazi, alifoka mgongoni pake. "Ipige kofi iamke, nyathina, mwanangu!"

"Daktari, ukinisimamia hivyo ndiyo itaharakisha?"

"Surua haingoji kompyuta!"

Valary akasonya. Akaiamuru ile kazi itoke mbele, aione uso kwa uso.

Kioo kikaonyesha mstari mmoja. Aliuandika mwenyewe ndani ya programu wiki iliyopita, siku daktari alipogonga meza na kuapa kwamba hakuna jina litakalofutwa afisini mwake bila ruhusa yake.

"Jina hili limejirudia. Daktari, nilifute?"

Nyuma ya pazia swali halionekani. Kazi ilikuwa imesimama tu, kwa adabu zake zote, ikingoja jibu.

Valary alisukuma kiti kando, akaiacha kibodi wazi.

"Haya, daktari. Ni wewe unaulizwa."