Mgonjwa wa Jikoni

Siku hizo sheria ilikuwa moja: kifaa cha nyumbani kikitimiza miaka thelathini kinapelekwa kusagwa, isipokuwa muuguzi athibitishe kuwa kingali hai. Mkaguzi akaingia jikoni kwa Sista Zamda, muuguzi mstaafu, akaigonga friji ambayo mumewe alimnunulia walipooana.

"Bibi, hii inakoroma na inavuja."

"Mgonjwa anapumua mwenyewe, bila oksijeni," akajibu Sista, kiganja juu ya mlango wa friji, macho kwenye saa ya ukutani kama yuko zamu. "Joto nyuzi nne. Umeme anakunywa vizuri, na mkojo unapita. Ungeniambia hakojoi, hapo ningeogopa."

Mkaguzi akakuna kichwa, kisha akaandika: aendelee na uangalizi, mwaka mmoja. Sista akashusha pumzi, akamimina maji ya baridi, akampa gilasi.

Mkaguzi akanywa huku akichungulia sebuleni, ambako Mzee Shebughe, mume mwenyewe, alikuwa amelala kwenye kochi akikoroma.

"Na yule ana miaka mingapi?"

"Yule ni wa wodi nyingine, mwanangu," akasema Sista, akiurudishia mlango wa sebuleni taratibu.

Mkaguzi akacheka. Kalamu hakuifunga.