Makubadhi Mlangoni

Zuwena aliyageuza tena makubadhi ya mumewe pale mlangoni, yaelekee ndani. Yakielekea nje, moyo humwambia kwamba Mbwana ataondoka asirudi. Anajua si kweli, lakini mikono haimsikii.

Mchana ule Mbwana alichelewa kuitika alipoitwa, na hilo likatosha.

"Hunitaki," Zuwena akamwambia. "Basi nenda zako, nisikuone."

Mbwana alipoinuka tu, hasira yote ikamtoka mkewe. "Usiniache," akasema, na huku ameshainama, anayanyoosha makubadhi upya.

"Naenda kununua mkate, Zuwena. Narudi." Mbwana akayatazama makubadhi, akayaacha vilevile, akatoka miguu mitupu kwenye changarawe za moto.

Zuwena alimtazama anavyochechemea.

"Mbwana, ngoja."

Akayachukua makubadhi, akamfuata, akapiga magoti na kuyaweka mbele ya miguu yake, yakielekea dukani. Mbwana akavaa la kulia. La kushoto Zuwena alikuwa bado amelishika, hajaweza kuliachia. Mbwana akasimama kwa mguu mmoja, mkono begani kwa mkewe, akingoja.