Mwenzake wa Skwoshi

Tangu ujana, mfamasia alicheza skwoshi kila Jumamosi, hata ile iliyofuata harusi yake. Sasa goti lilikuwa limemharibikia na daktari alikuwa amempiga marufuku kucheza. Siku alipokwenda klabu kuchukua vitu vyake, mkewe alimsindikiza.

Waliingia uwanjani, chumba kitupu chenye madoa meusi ya mipira ukutani. Mkewe akaokota raketi mojawapo ya mumewe, akashika mpini kwa vidole vilivyoachana kidogo, kama wanavyoshika wanaojua. Akapiga. Mpira uligonga ukuta wa mbele, ukafia kwenye kona.

“Nani kakufundisha?”

“Kocha wa hapahapa, ulipokuwa kazini. Ndoa ilikuwa bado mbichi. Nilitaka siku ukiniambia twende, nisikuaibishe.”

“Mbona hukusema?”

“Nilisema, baba watoto. Nilikuomba nije nawe. Ukanijibu nitachoka bure.”

Hakukumbuka kabisa. Alivitazama vidole vile juu ya mpini. Vilikuwa vimeanza kupinda kwa umri.

“Tucheze sasa,” alisema, akichukua raketi nyingine.

“Na goti je?”

“Wewe piga tu.”

Mkewe akaupiga mpira taratibu ukutani, ili umrudie palepale aliposimama.