Alhamisi ya Maren

Skrini ndogo mlangoni mwa chumba cha kusomea ilionyesha: Maren, saa nne hadi saa sita. Maren alizikwa Jumamosi. Alikuwa amejiwekea chumba hicho kila Alhamisi mpaka mitihani ya Mei, nami mkutubi sikukumbuka kumfuta.

Mama yake alisimama pale, kakumbatia boksi la vitu vya bwenini, theluji ikimyeyukia mabegani.

"Bado dakika mbili," kijana mmoja alimwambia mwenzake. "Asipobonyeza 'Nimefika,' jina linafutika, chumba chetu."

"Huyo Maren naye! Kila wiki anakishika utadhani kakijenga yeye."

"Leo kapitiwa na usingizi. Shauri yake!"

Nikawasogelea niwanyamazishe. Mama akanigeukia.

"Jina linafutika kweli?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka boksi chini. Akavua glavu, akapangusa kidole kilicholowa kwenye sketi, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Akabonyeza.

Vijana wakatazamana.

"Samahani, mama," mmoja akasema. "Kumbe Maren ni wewe?"

"Ni mimi," akajibu, akaingia, akafunga mlango.