Fomu za Penseli

"Ulimnyonyesha kwa muda gani?" muuguzi wa kliniki ya matiti akauliza.

Fundi cherehani aliinama akatazama vidole vyake vya miguu, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Miaka thelathini amepima vifua vya watoto wa watu na kuwashonea sare za shule bila kuona haya. Leo kaulizwa habari za kifua chake, ulimi umekuwa mzito.

"Maziwa hayakutoka," akasema. "Nilimlea kwa chupa."

"Maziwa ya ng'ombe!" akadakia binti yake kutoka kiti cha pili. "Ndiyo maana nina ukaidi wa ndama."

Muuguzi akacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alipoona wanaume wanapita kwenye korido, aliinuka akafunga mlango bila kuambiwa. Tena aliandika kwa penseli yenye kifutio nyuma.

"Watu wengi hukumbuka wakishatulia," alisema. "Wino hausamehe."

Mezani kulikuwa na fomu mbili, ya mama na ya binti. Binti ndiye aliyeng'ang'ania waje wote, maana mama akiachwa aende peke yake angekwepa.

"Watoto uliozaa?"

"Andika mmoja."

"Mzigo wenyewe ni huu hapa," binti akasema, akijigonga kifua.

"Siulizi kwa umbea, dada yangu," muuguzi akamwambia fundi kwa upole, maana alimwona anavyosokota ncha ya khanga. "Umri, kuzaa au kutozaa, kunyonyesha, unene, pombe, damu ya ukoo, kila kimoja huongeza hatari au huipunguza. Hapa hatutafuti mwenye makosa."

Akavuta fomu ya binti. "Na wewe mwanangu, kwenye ukoo wenu kuna aliyeugua saratani ya titi?"

"Mama mkubwa. Dada yake mama. Alifariki mimi bado mchanga, sura yake naijua kwa picha ya ukutani tu."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Binti akamgeukia mama yake.

"Thelathini na mitatu," fundi akajibu. Ncha ya khanga ilikuwa imelowa jasho.

Binti mwenyewe alikuwa ametimiza thelathini na miwili mwezi uliopita.

Muuguzi akaandika polepole: mama mkubwa. "Huyo tunamhesabu. Lakini kwa kuwa mama mzazi yuko hapa na ni mzima, wewe utarudi ukifika arobaini. Angekuwa mama mzazi ndiye aliyeugua mapema hivyo, ningekupeleka chumba cha vipimo leo hii."

"Miaka minane!" Binti akashusha pumzi, akachukua mkoba. "Twende mama, nikurudishe kwenye cherehani yako. Leo umekuwa na haya kama bi harusi."

Fundi hakuinuka. Ilimpanda ile aibu ya siku zote aliyoikunja na kuishona kwa ndani kama pindo, mtu asiione. Alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni na mkoba begani, mzima, mcheshi, na shingo ndefu kama ya yule wa kwenye picha.

"Mama, vipi?"

"Naomba hiyo penseli," fundi akamwambia muuguzi.

Muuguzi akamsogezea.

Fundi alianza na fomu yake mwenyewe. Pale penye watoto aliozaa alifuta moja, akaandika sifuri. Kisha akaivuta fomu ya binti, akatafuta kwa kidole yale maneno mawili, akafuta "mkubwa", akaacha "mama".