Msimpigie Kelele

Uji wa moto ulimmwagikia mtoto mguuni. Akapiga yowe hatua mbili nyuma ya baba yake, na Ojara akaendelea kupepeta ufuta.

"Umemwona?" Min Lakot, mama mkwe wake, akamwambia binti yake Lakot. "Moyo umekufa. Leo unarudi kwetu, hukai tena na mume huyu."

Ojara aligeuka baadaye kidogo, akaona. Akamnyakua mwanawe, akakimbia naye hospitali.

"Sasa ndiyo anajifanya," Min Lakot akasema, wakimfuata mbio.

Lakot alikuwa analia. Alimpenda Ojara. Miezi saba tangu mumewe arudi kutoka vita vya Somalia, alikuwa amefanya kila aliloshauriwa. Lakini Ojara alikaa mgongo ukutani, akiikodolea macho midomo ya watu. Ukimgusa bega kwa nyuma, anaruka, ngumi juu.

Juma lile la kwanza alisema, "Kuna mlio masikioni. Hauishi." Min Lakot akajua papo hapo: ni cen, roho za aliowaua, zinamwita.

Jirani yao Adong, aliyewahi kukaa semina ya siku tatu, akabisha. "Mama, cen gani? Huo ni mshtuko wa vita. Msimpigie kelele. Mnong'onezeni tu."

"Haya, daktari wa semina!" Min Lakot akamcheka. Lakini hilo la kunong'ona walilishika wote. Redio ikazimwa, nyumba nzima ikanong'ona. Na kadiri walivyonong'ona, Ojara alizidi kufoka: "Mnanisema nini? Semeni!"

Hospitalini, muuguzi alipokuwa akimfunga mtoto bandeji, Min Lakot akamsogelea.

"Mwanangu, tuandikie na barua kwamba baba wa huyu ni kichaa. Wazee wakiiona, watavunja ndoa."

"Yuko wapi huyo baba?"

"Yule pale dirishani, anatazama nje."

Muuguzi alipogeuka, kiwiko chake kikapiga sinia la vyuma. Likaanguka sakafuni kwa kishindo. Min Lakot aliruka. Lakot akapiga ukelele. Wagonjwa wakainuka vitandani.

Ojara hakutikisika hata ukope.

Muuguzi akauliza kama aliwahi kulalamikia masikio, na Lakot akamweleza ule mlio wa juma la kwanza tangu arudi vitani.

"Mngemleta juma lile la kwanza," akasema, "pengine leo angemsikia mwanawe akilia."