Sarafu Kumi na Mbili za Shemeji

Mashine ilipita juu ya sarafu ya tisa ikanyamaza, kama ilivyonyamaza kwa zile nane.

"Hapo umeikanyaga kabisa, shem," shemeji yake alisema. Akachuchumaa, akachokoa ardhi kwa kijembe, akaitoa sarafu na udongo wake. Akamwonyesha kama mtu anayemwonyesha mtoto jino lililong'oka.

Fundi redio akashusha hedifoni shingoni. Hajasikia kitu, alisema.

"Wamekuingiza mjini. Wewe unayefufua redio za mababu, unauziwa fimbo na sahani. Hata taa haiwaki?"

"Muuzaji alisema taa ndiyo mbovu."

"Taa tu?" Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu.

Kweli haikuwa mashine ya kujivunia. Ya kutambua chuma ardhini, ndiyo, lakini ya bei ya chini kuliko zote sokoni: fimbo ya bati, sahani ya plastiki yenye ufa, na kiboksi cha kitufe kimoja. Muuzaji alimpa siku tatu za kuijaribu, ikimkataa airudishe. Na yeye anakaa chumba cha kupanga ghorofa ya tatu, sasa sarafu angezifukia wapi, kwenye saruji? Ndiyo akaileta huku kwa dada yake. Alimwambia shemeji anataka awe anaikodisha kwa watu waliopoteza pete na funguo. Shemeji aliuliza swali moja tu, inafika chini kiasi gani. Alipojibiwa kiganja kimoja, tena siku ikiamka vizuri, akafungua geti.

Kwa dada yake. Bado alipaita hivyo, ingawa dada hakuwepo, huu mwezi wa nane tangu atoweke. Shemeji alisema aliondoka asubuhi na sanduku moja, kamfuata mwanamume mwingine. Polisi wakaandika hivyo hivyo, wakafunga daftari. Mama yao ndiye hakufunga kitu. Analala na simu kifuani, na kila Jumapili anamtuma fundi aje kuuliza. Fundi anakuja, anauliza, anarudi na jibu lile lile, na mama anageukia ukutani.

Mpaka wiki tatu zilizopita. Aliingia jikoni kunywa maji, akaona miwani ya dada yake nyuma ya kopo la sukari. Dada ambaye bila miwani alikuwa anasalimia nguzo akidhani ni majirani. Fundi hakuigusa. Alikunywa maji yake, akaosha bilauri, akaaga. Wiki ile ile akaanza kuulizia mashine.

Dada alikuwa na bangili ya shaba pia. Aliivaa akiwa darasa la saba, akanenepa, haikutoka tena mkononi.

"Ya kumi ipo huku," shemeji aliita. Alishanogewa. Aliruka mbele, akazunguka nyumba kwa upande wa mbele, njia ndefu, akasimama chini ya kamba ya nguo na kunyoosha kidole. Mashine ikapita. Kimya. Akachimbua mwenyewe, akapuliza udongo, akaidondosha sarafu kwenye kopo pamoja na zingine.

Masharti yalikuwa ya fundi. Alimpa sarafu kumi na mbili na kumwambia azifukie popote roho yake inapopenda, uwanja wote wake, yeye hataangalia. Akaenda kukaa jikoni, uso ukutani. Kopo la sukari lilikuwepo. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Kwa nusu saa alisikiliza kijembe kikigonga nje, ko, ko, ko, kama kinapasua chungu. Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Shemeji alirudi analamba kiganja, malengelenge mawili yameshapasuka.

Ya kumi na moja ilikuwa karibu na geti. Ya mwisho mbele ya kizingiti, pale panapokanyagwa kila siku, pagumu kuliko kote.

"Zimeisha?" fundi aliuliza.

"Zimeisha. Uwanja mzima nimekuchimbia, ona mkono ulivyochubuka."

"Uwanja mzima."

"Mzima, shem. Hata kungekuwa na pipa la dhahabu hapa chini, hiyo ingepita juu yake inasinzia." Akafuta jasho. Alionekana mtu aliyetua mzigo. "Kairudishe kesho mapema, kabla huyo mwizi hajahama kibanda."

Fundi alikubali kwamba atairudisha. Akasema angalau amzibie mashimo, mtu asije akateguka mguu. Shemeji akaangalia saa, zamu yake ilikuwa inakaribia. Akaibusu mashine kwenye sahani, kwa kejeli, akamwambia fundi akimaliza avute geti, salamu kwa mama. Kicheko chake kilisikika mpaka kwenye kona.

Fundi alingoja kiishe kabisa.

Hakuanza kuziba. Alisimama katikati ya uwanja, akageuka polepole, akiyahesabu mashimo kwa kidole. Matatu ubavuni mwa nyumba. Manne kando ya njia. Moja chini ya kamba. Mengine mbele, hadi getini na kizingitini. Kila moja lilikuwa na mabonge yake pembeni, makavu kama vigae.

Kisha akaenda nyuma, kati ya tangi la maji na ukuta, ambako bomba lilikuwa linavuja tone kwa tone. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, laini, mtu angeuchimba kwa kidole asiumie. Urefu wa hatua mbili, upana wa hatua moja.

Hapakuwa na shimo hata moja.

Fundi akatoa mfukoni betri mbili za mashine, zikiwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Akaziweka juu ya ukuta, akachukua jembe.